Jinsi ya Kupima Mahubiri Yanayolalamikiwa Kuwa ya Chuki: Mwongozo kwa Kamati za Misikiti na Makanisa

Malalamiko kuhusu mahubiri huifikia kamati kwa njia ileile karibu kila mara. Kipande kifupi cha video kimeshapita katika simu nyingi kabla ya kumfikia mwenyekiti, na kinakuja na madai mawili yanayopingana: muumini mmoja anataka mhubiri akabidhiwe polisi jioni hiyohiyo, na mwingine anaona kwamba hata kumuuliza tu ni kuisaliti dini. Kamati nyingi zikibanwa hivyo huchagua lililo jepesi. Ama hunyamaza zikitumaini jambo litasahaulika, ama hupiga simu kituoni kabla hazijayasikiliza mahubiri yenyewe. Pwani ya Kenya na baadhi ya miji ya Tanzania imeyaonja matokeo ya njia zote mbili, nayo si matokeo ambayo mtu anayeipenda dini yake angetaka yajirudie.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wajumbe wa kamati za misikiti, wazee wa kanisa, wasimamizi wa redio za dini na wanaoendesha vikundi vya mawaidha mtandaoni katika nchi hizo mbili. Msingi wake ni mmoja: mahubiri yapimwe kwa kile yanachomtaka msikilizaji amfanyie binadamu mwenzake. Ukali wa sauti, ubishi wa kiakida na maumivu ya wasiokubaliana na mhubiri ni mambo ya kuzingatiwa, lakini hakuna hata moja kati ya hayo linalotosha kumtia mtu hatiani.

Pateni mahubiri yote kabla ya kusema lolote

Tafuteni rekodi kamili, tangu salamu au sala ya ufunguzi hadi dua ya mwisho. Mhubiri hodari huieleza hoja ya mpinzani wake kwa nguvu zake zote kabla ya kuivunja, na anayekata kipande cha katikati anaweza kumfanya mtu aliyekuwa akiukanusha ukafirishaji (yaani kuwatangaza kuwa makafiri) wa Waislamu wenzake aonekane ndiye anayeuhubiri. Kwa upande mwingine, mahubiri yanayoanza kwa upole yanaweza kufika mahali pa kutisha katika dakika tano za mwisho, na aliyeondoka mapema akaapa kwa dhati kwamba hakusikia baya lolote.

Mkiipata rekodi, andikeni nani aliirekodi, kwa simu ipi, tarehe ipi na mahali gani, na mwombeni asiifute wala asiihariri. Hilo si jambo la urasimu. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, katika kifungu cha 106B, inadai cheti kuhusu kifaa na namna rekodi ya kielektroniki ilivyopatikana, na Tanzania nayo, kwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, huangalia kama rekodi imetunzwa bila kuchezewa. Kesi inayotegemea kipande kilichowekewa maandishi na muziki wa kutisha huanza ikiwa dhaifu. Wakati huohuo kamati isikisambaze kipande hicho katika vikundi vyake hata kwa nia ya kukilaani, kwa maana kila anayekituma anampa mhubiri wasikilizaji ambao hakuwa nao.

Watu wawili wayasikilize mahubiri kila mmoja peke yake na wanukuu neno kwa neno sehemu zinazolalamikiwa, pamoja na dakika zake. Kama mhubiri alichanganya Kiswahili na Kiarabu, Kisomali au mojawapo ya lugha za Mijikenda, atafutwe mfasiri asiye upande wowote katika mgogoro huo. Wajumbe wajadili maandishi hayo, si kumbukumbu zao.

Jueni sheria imeweka mpaka wapi

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inalinda uhuru wa dhamiri na dini katika Ibara ya 32, pamoja na haki ya kuidhihirisha imani kwa ibada na mafundisho, hadharani au faraghani. Ibara ya 33 inalinda uhuru wa kujieleza, lakini ibara hiyohiyo inataja maneno yasiyopata ulinzi huo: propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki, na utetezi wa chuki unaofikia uchochezi wa kikabila, kuwadhalilisha wengine au kuchochea madhara, au unaotokana na sababu za ubaguzi zilizotajwa katika Ibara ya 27, na dini ni mojawapo. Tanzania inalinda maoni katika Ibara ya 18 ya Katiba ya mwaka 1977, na Ibara ya 19 inasema kwamba kazi ya kutangaza dini ni huru na kwamba uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi, ingawa Ibara ya 30 inaruhusu sheria ziweke mipaka kwa ajili ya haki za wengine na amani ya jamii. Nchi zote mbili zimejifunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, Kenya tangu mwaka 1972 na Tanzania tangu mwaka 1976, ambao Ibara yake ya 20 inataka sheria ipige marufuku utetezi wa chuki ya kidini unaochochea ubaguzi, uhasama au ghasia.

Maneno hayo husomeka vizuri kwenye karatasi, lakini hayamwambii mzee wa kanisa afanye nini pale muhadhiri anaposimama sokoni na kusema kwamba Yesu si mwana wa Mungu. Kwa bahati njema swali hilo lilishafika mahakamani. Hamisi Rajabu Dibagula alitiwa hatiani huko Morogoro kwa kosa la kutamka maneno kwa nia ya kuumiza hisia za kidini, kwa sababu ya tamko kama hilo, akahukumiwa kifungo cha miezi 18. Hukumu hiyo ilizua hasira miongoni mwa Waislamu wengi. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliifuta. Kosa la aina hiyo linahitaji nia ya makusudi ya kuumiza, na tamko la imani halipati nia hiyo kwa sababu tu wafuasi wa dini nyingine wamelisikia na likawachoma.

Ningependa kila kamati ijadili kesi hiyo kwa kubadilishana nafasi. Mkristo anayesema kwamba hakuna wokovu nje ya Kristo anamwambia jirani yake Mwislamu kwamba amepotea. Mwislamu anayesema kwamba Utatu ni shirki, yaani kumshirikisha Mungu na wengine, anamwambia jirani yake Mkristo vivyo hivyo. Kama mmoja ni mhalifu, na mwenzake ni mhalifu, na baada yao hapatabaki mhubiri hata mmoja aliye huru, kwa sababu dini zinazodai ukweli haziwezi kufundishwa bila kukana baadhi ya madai ya nyingine. Kuvumiliana kwa kweli ni kukubali kusikia jambo hilo likisemwa na kuendelea kuuziana samaki, kualikana arusini na kuzikana.

Mpaka basi uko wapi? Uko pale ambapo lengo la maneno linahama kutoka kwenye imani na kwenda kwa watu wanaoiamini. “Itikadi yao ni batili” ni mahubiri. “Msiwapangishe nyumba, msiwaache wapite mtaani kwenu, damu yao ni halali” ni jambo jingine kabisa, hata likifuatana na aya.

Kuhusu sheria mahususi, kuna jambo ambalo Wakenya wengi hawalifahamu. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inatoa adhabu ya faini isiyozidi shilingi milioni 1, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili, kwa matamshi ya chuki, lakini kifungu chake cha 13 kilivyotungwa kinafafanua chuki ya kikabila kwa kutaja rangi, mbari, uraia na asili ya kikabila au kitaifa. Dini haimo katika ufafanuzi huo. Anayelalamika juu ya chuki ya kidini pekee anapaswa kuegemea Katiba na makosa yaliyomo katika Kanuni ya Adhabu, ambayo ina kosa la kutamka maneno kwa nia ya makusudi ya kuumiza hisia za kidini na lile la kuchochea ghasia. Kama mahubiri yamechanganya dini na kabila, kama yanavyofanya mara nyingi yanapowalenga “watu wa bara” au Wasomali, Tume ya Uwiano na Utangamano ina nafasi ya wazi zaidi.

Iliyo nzito kuliko zote ni Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2012. Marekebisho ya mwaka 2014 yaliongeza kifungu cha 12D, ambacho kinamtishia kwa kifungo cha hadi miaka 30 mtu anayekumbatia au kueneza imani ya itikadi kali kwa lengo la kuwezesha ghasia za kiitikadi. Someni maneno “kwa lengo la kuwezesha ghasia” mara mbili. Mtu mwenye ndevu ndefu, anayekataza muziki na kuona kwamba wenzake wamelegea, hajalifikia kosa hilo. Mnamo Februari 2015 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vinane vya marekebisho hayo, na baadhi yake vilibatilishwa kwa sababu vilibana uhuru wa kujieleza na wa vyombo vya habari kupita mpaka. Kifungu cha 12D hakikuwa miongoni mwa vilivyoanguka, na uzito wake ndiyo sababu kamati haipaswi kulitamka neno “ugaidi” kwa wepesi.

Maswali sita ya kupimia

Mwezi Oktoba mwaka 2012 wataalamu walioitwa na Ofisi ya Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa walikutana Rabat, nchini Moroko, wakakubaliana mambo sita ya kuangaliwa kabla ya maneno kuhesabiwa kuwa uchochezi wa jinai: mazingira, msemaji, nia, maudhui na namna ya usemaji, upana wa hadhira, na uwezekano wa madhara kutokea. Sioni kipimo bora zaidi ambacho watu wasio mawakili wanaweza kukitumia katika chumba cha mkutano.

Mazingira ndiyo husahaulika zaidi. Mwezi huohuo wa Oktoba 2012, ubishi wa watoto wawili huko Mbagala, Dar es Salaam, uliomalizika kwa mmoja kuikojolea Kurani, ulifuatwa na umati wa watu wenye hasira na kuchomwa kwa makanisa. Mhubiri aliyesimama wiki hiyo na kusema kwamba waumini “wawalipe wanaotudharau” hakuwa akisema jambo ambalo angelisema mwaka mmoja kabla, hata kama sentensi ni ileile. Andikeni kwa hiyo ni nini kilichokuwa kikiendelea mtaani siku hiyo: uchaguzi, mgogoro wa ardhi, shambulio lililotokea karibuni, uvumi kuhusu msichana aliyebadili dini. Mahali pia huipa kauli maana yake. Neno “madoadoa” halimdhuru mtu katika mazungumzo ya kitambaa, lakini katika Bonde la Ufa nchini Kenya, ambako hutumiwa kuwaita watu wa makabila yanayoonekana kuwa ya wageni, watu wameuawa wakati wa uchaguzi baada ya kuitwa hivyo.

Msemaji naye hupimwa kwa ushawishi wake. Ustadhi anayefundisha vijana kila jioni, ambaye maneno yake huwa amri kwao, ana uwezo ambao mzee anayefoka barazani hana. Abdullah el-Faisal, mhubiri mwenye asili ya Jamaika, alitiwa hatiani London mwaka 2003 kwa kuhimiza mauaji, na kanda za mihadhara yake mwenyewe ndizo zilizokuwa ushahidi. Alipofika Kenya miaka michache baadaye, serikali ilimkamata na kuhangaika kumrudisha kwao. Mwezi Januari mwaka 2010 maandamano ya kupinga kuzuiliwa kwake jijini Nairobi yaligeuka ghasia na watu wakapoteza maisha. Kati ya waliokwenda barabarani, nadhani wachache sana walikuwa wameyasikiliza mahubiri yake. Walichokiona ni Mwislamu anayezuiliwa na dola bila maelezo yanayoeleweka, na hilo ni funzo kwa wanaoshughulikia mambo haya kimyakimya.

Nia haisomwi moyoni. Husomwa katika marudio, katika maandalizi na katika yale mhubiri anayoyafanya baada ya kuonywa. Aliyeteleza akarekebisha Ijumaa iliyofuata si sawa na aliyerudi akasema tena kwa maneno yaliyonolewa. Katika maudhui, angalieni kama watu wamenyang'anywa ubinadamu wao kwa kuitwa mende, nyoka au najisi, kwa sababu Rwanda ilituonyesha mwaka 1994 kazi inayofanywa na matangazo ya aina hiyo kabla panga halijainuliwa. Angalieni pia kama yametajwa majina ya watu, maduka au nyumba. Mahubiri yanayomtaja mtu kwa jina kwamba ni murtadi, yaani ameuacha Uislamu, katika mtaa ambao anajulikana anakolala, yamekaribia sana kuwa maelekezo.

Upana wa hadhira hauhitaji maelezo mengi, ila kumbukeni kwamba darasa la vijana kumi na wawili katika chumba kilichofungwa linaweza kuwa la hatari kuliko kipaza sauti cha mtaa mzima. Na mwisho ni uwezekano: je, mtu mwenye akili timamu angeona kwamba maneno haya, kwa wasikilizaji hawa, yanaweza kuzaa kitendo, na karibuni? Jibu likiwa ndiyo, msingoje kikao cha mwezi ujao.

Madhara yanapowaangukia wafuasi wenyewe

Maswali hayo yalitungwa kwa ajili ya chuki dhidi ya wengine, na yanaacha pengo moja ambalo Kenya imelilipia kwa gharama isiyosemeka. Katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, tangu Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, mingi ikiwa ya watoto, ya watu waliodaiwa kuhimizwa wafunge hadi wafe ili wakutane na Yesu. Paul Mackenzie, aliyekuwa kiongozi wa kanisa la Good News International, alifunguliwa mashtaka yakiwemo ya mauaji na ya ugaidi, na aliyakana. Lakini viongozi wa dini wa eneo lile wanapaswa kujiuliza, kama sisi wengine tunavyopaswa, ni ishara zipi zilizotangulia: watoto kutolewa shule kwa madai kwamba elimu ni ya shetani, wagonjwa kukatazwa hospitali, familia kuuza mali na kukata mawasiliano na ndugu.

Hapa msisubiri kujadili uhuru wa kujieleza. Mtu mzima ana haki ya kuamini kwamba mwisho wa dunia uko karibu na kuwaambia wengine hivyo. Mtoto ana haki ya chakula, matibabu na shule, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 haimruhusu mzazi wala mchungaji kumnyima. Mlalamikieni afisa wa watoto kwa kueleza kile watoto wanachofanyiwa, na acheni mafundisho yenyewe kando. Malalamiko ya namna hiyo hayawezi kupuuzwa kwa kisingizio kwamba serikali haiingilii dini.

Chagueni hatua inayolingana na uzito

Mahubiri mengi yanayolalamikiwa, yakipimwa kwa uaminifu, yataangukia upande wa maneno makali ambayo sheria inayavumilia. Kwa hayo dawa ni mafundisho yanayojibu. Kamati imwombe mwanazuoni au mchungaji mwingine azungumzie mada ileile mahali palepale, ndani ya wiki moja au mbili, kwa dalili na kwa adabu, bila kumtaja mwenzake kwa dharau. Vijana wanaovutwa na sauti kali mara nyingi wana maswali ya kweli kuhusu kukamatwa kwa ndugu zao, vitambulisho wanavyonyimwa na ardhi iliyopotea, na jibu lisilogusa maswali hayo huwapita.

Pale ambapo mhubiri amevuka adabu lakini hajachochea madhara, zungumzeni naye. Msimwite kwa barua yenye mhuri kana kwamba ni mshitakiwa. Mtumieni mtu ambaye hawezi kumkatalia: shekhe aliyemsomesha, askofu aliyemwekea mikono, au mzee wa mtaa anayemwita “mwanangu” na yeye akaitika. Asomewe maneno yake mwenyewe kutoka kwenye nukuu, aulizwe alikusudia nini, apewe nafasi ya kufafanua kwenye mimbari ileile aliyoitumia. Kumbukumbu za mazungumzo ziandikwe, nakala apewe. Akikataa na akarudia, kamati ina haki ya kumnyima mimbari, kwa maana uhuru wa mtu kusema haumlazimishi mwingine kumpa jukwaa. Kumsimamisha si kumshtaki, na itangazwe hivyo kwa waumini kwa sentensi chache zilizo wazi ili uvumi usipate nafasi.

Polisi wanahitajika pale maneno yanapohimiza ghasia, yanapotaja watu wa kudhuriwa, au yanapowaandikisha vijana kwenda kupigana. Hapo kunyamaza ni kushiriki. Pelekeni taarifa kwa maandishi kwa mkuu wa kituo, mkiambatanisha nukuu na rekodi kamili, mkieleza mliyoyasikia bila kupachika jina la kosa. Kazi ya kutaja kosa ni ya mwendesha mashtaka. Ombeni namba ya kumbukumbu ya taarifa. Tumeni nakala kwa baraza lenu la dini, kama Baraza la Maimamu na Wahubiri wa Kenya, BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) au Jumuiya ya Kikristo Tanzania, ili jambo lisifie katika droo ya kituo kimoja.

Walinde wanaotoa taarifa. Sheikh Mohammed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri, aliyekuwa akipinga vijana kuvutwa kwenye itikadi kali, alipigwa risasi Likoni mwezi Juni 2014 akafa. Taarifa isainiwe na kamati nzima na kamwe isibebwe na mtu mmoja. Kama kuna shahidi aliye hatarini, Kenya ina Sheria ya Kuwalinda Mashahidi ya mwaka 2006, na Tanzania ina sheria ya mwaka 2015 inayowalinda watoa taarifa na mashahidi. Ulinzi huo hauji wenyewe, unaombwa, na ni vizuri uombwe kabla jina halijajulikana.

Isimamieni sheria hata kwa mtu msiyempenda

Kamati iliyotoa taarifa bado ina wajibu kwa mshukiwa. Afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au siku ya kwanza ya mahakama inayofuata, familia yake ijue alipo, awe na wakili. Nalisema hili nikijua kwamba wengine wataliona kuwa ni udhaifu, nami naliamini kwa moyo wote.

Aboud Rogo Mohammed alihubiri Mombasa kwa miaka mingi, na Julai 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilimwekea vikwazo kwa tuhuma za kulisaidia kundi la Al-Shabaab. Alikuwa na kesi mahakamani wakati alipouawa kwa risasi ndani ya gari, akiwa na familia yake, tarehe 27 Agosti 2012. Hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo. Siku zilizofuata zilikuwa za ghasia, makanisa yalishambuliwa, polisi waliuawa. Mahakama haikupata tena nafasi ya kuyasikiliza mahubiri yake yote na kusema wazi, mbele ya wale vijana waliompenda, ni lipi lililokuwa imani na lipi lililokuwa jinai. Kanda zake zilibaki, na juu yake ikawekwa heshima ya shahidi wa dini ambayo hoja haiwezi kuifikia kirahisi.

Adhabu ya jumla huzaa jambo lilelile. Tarehe 2 Februari 2014 polisi walivamia msikiti wa Masjid Musa mjini Mombasa wakakamata zaidi ya watu 100, wakiwemo vijana wadogo, na wengi wao baadaye waliachiliwa. Mwezi Novemba mwaka huo misikiti minne ya Mombasa ilifungwa kwa muda. Wapo waliokuwa na silaha kweli, na dola ilikuwa na haki ya kuwatafuta kwa majina yao. Lakini mzee aliyekwenda kuswali alasiri na akakuta mlango umefungwa na askari hakujifunza chochote kuhusu hatari ya itikadi kali. Kamati za makanisa jirani ndizo zenye nafasi ya kusema jambo hilo kwa sauti inayosikika zaidi, kama vile maimamu wanavyosikika zaidi wanapolaani kuchomwa kwa kanisa.

Kabla ya mgeni kupewa kipaza sauti

Sehemu kubwa ya migogoro ingezuilika mapema. Wekeni kanuni ya ukurasa mmoja inayosainiwa na kila mhubiri mgeni: kwamba atafundisha na kukosoa itikadi yoyote apendavyo, kwamba hatamtaja mtu binafsi wala kuhimiza madhara au kususiwa kwa majirani, na kwamba mahubiri yatarekodiwa yote na kamati. Rekodi ya kamati humlinda pia mhubiri, kwa sababu siku kipande kilichokatwa kikisambaa ataweza kuonyesha alichokisema kwa ukamilifu. Mihadhara ya kulinganisha dini inayofanywa viwanjani iwe na mwenyekiti kutoka kila upande, na wawili hao wawe na mamlaka ya kumkatiza msemaji wa upande wao wenyewe. Spika zisielekezwe kwenye nyumba ya ibada ya wengine wakati wa sala zao.

Swali moja huachwa bila jibu hadi linapokuta watu hawajajiandaa: mhubiri aliyeshtakiwa akiachiliwa na mahakama, je, arudishiwe mimbari? Shauri langu ni kwamba kamati ilijibu siku inapomsimamisha, kwa kuandika katika kumbukumbu zake ni nini kitakachotosha. Kama alisimamishwa kwa sababu ya mashtaka tu na mashtaka yameanguka, arudishwe, na litangazwe kwa sauti ileile iliyotangaza kusimamishwa kwake. Kama alisimamishwa kwa maneno aliyoyarudia baada ya kuonywa, kuachiliwa kwake kunamaanisha kwamba hana hatia ya jinai. Masharti ya kamati yanabaki, naye akiyatimiza aanze na darasa dogo chini ya mwalimu mwingine kabla ya kukabidhiwa tena Ijumaa au Jumapili. Familia yake isisusiwe kwa muda wote huo, na watoto wake waendelee kupokewa madrasa au shule ya Jumapili pamoja na wenzao.